Mtoto anapandisha sauti kama anauliza kila kitu, nifanyeje?

BabaK: Wakuu, binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Maneno anayo, ila kila sentensi anaipandisha mwishoni. "Nimeshiba?" Kumbe kashiba kweli, haulizi. "Baba amekuja?" na mimi nimesimama mlangoni. Nimpeleke kwa daktari?

MakiKavu: Wa kwangu alikuwa analilia "jiko! jiko!" Mama yake mbio kuzima gesi. Kumbe anataka kijiko. Wanakata mwanzo wa neno, wanabakiza pale penye mkazo. Samaki kwake ni "maki" mpaka leo.

MwlMstaafu: "Amekuja" na "amekuja?" vinatofautishwa na sauti tu, kwa hiyo usishangae akizichanganya. Wimbo wa lugha hutangulia maneno. Mwaka 2009 watafiti walichapisha utafiti wa vichanga 60 wenye siku chache tu: wa Kifaransa walilia sauti ikipanda, wa Kijerumani ikishuka. Nani anashinda naye?

BabaK: Dada wa kazi. Lafudhi yake ndiyo niliyoishuku. Jumapili nimemkatia tiketi karudi kwao Tabora. Hela yake nimemlipa yote, msinianze.

MamaPacha: Umemfukuza mtoto wa watu kwa lafudhi?? Kuna kitu unaficha. Mtoto kasema nini?

BabaK: Sawa. Juzi mama yake anaingia kutoka kazini, mtoto kamwambia, "Umetoka WAAAPI?" Mkono kiunoni. Mama yake hata hakumtazama mtoto, akanigeukia mimi.

Kijiweni: Hahahaaa! Sasa dada wa Tabora kahusikaje hapo? Hiyo tuni ni yako mkuu.

BabaK: Mimi nauliza kawaida tu kama mwenye nyumba. Na dada alikuwa aondoke hata hivyo.

MzeeWaShamba: Vijana mnaoa mkiwa bado mna wivu wa shuleni. Mimi mke wangu akichelewa naombea awe kapitia sokoni.

Kipanga: Chai hii. Mwezi wa tatu huyuhuyu alifungua uzi wa kutafuta mchumba. Aliandika "sina mtoto". Nendeni mkausome.

MamaPacha: Nimeusoma. Jamani!

BabaK: Simu alikuwa nayo mdogo wangu.

Kijiweni: Hapo umesema au umeuliza?