Kufungua boksi la kipozeo cha maji cha prosesa: nikague nini kabla ya kufunga?

kusi_mld
Salaam wadau. Nina kipozeo cha maji, kile kilichojazwa na kuzibwa kiwandani, rejeta (sehemu ya kupozea maji) ya milimita 240. Bado kiko ndani ya boksi. Prosesa ni Ryzen 7000, soketi (kikalio cha prosesa) AM5; kasha la kompyuta lina nafasi ya rejeta juu na mbele. Nikague nini kwanza, na rejeta ikae wapi? Halafu hapa Malindi nyumba iko karibu na bahari na madirisha hushinda wazi. Chumvi haitaila?

fundi_barani
Salaam ndugu. Ukikitoa, shika rejeta na pampu kwa pamoja. Usikivute kwa mipira, yaani mirija ya maji. Tazama vile vibati vyembamba vya rejeta kama vimelala, na maungio ya mipira kama yana unyevu au doa. Ukiinamisha ukasikia maji yakicheza kidogo, hiyo si kasoro, ndani huwa mna hewa kiasi.

Skrubu ndizo za kuangalia kwa makini. Zile ndefu, karibu milimita 30, hupita kwenye feni hadi rejeta. Fupi hufunga rejeta kwenye kasha. Ndefu ikiingizwa bila feni katikati hutoboa njia za maji, na hapo hakuna kuziba, ni kununua kingine.

Chini ya pampu kuna bamba la shaba linalokaa juu ya prosesa. Ondoa nailoni au kifuniko chake. Ikisahaulika, prosesa hupanda hadi nyuzi 95 na kujipunguzia kasi hata kwa kazi ndogo. Kama pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na bamba) imeshapakwa, usiiguse wala usiongeze nyingine juu yake.

Kwa AM5, fungua skrubu 4 utoe vile vishikizo 2 vya plastiki, lakini bamba la nyuma ya madabodi (bodi kuu) liache lilipo, ndilo linalotumika. Lile jingine la boksini ni la prosesa za Intel. Kaza pampu kwa mshazari, kidogo kidogo kila upande.

mkanda_wa_juu
Weka rejeta juu. Maji hupungua polepole kwa miaka kwa kupenya kwenye mipira, na hewa inayobaki hupanda mahali palipo juu zaidi. Pakiwa ni pampu, itanguruma na kuchakaa mapema. Lakini pima kwanza: rejeta nyingi zina unene wa milimita 27, feni 25, jumla 52. Zikigonga memori, peleka mbele.

Pampu chomeka kwenye pini za madabodi zilizoandikwa AIO_PUMP, kisha ingia BIOS (mipangilio ya madabodi) uiache izunguke kwa kasi kamili. Feni ziende CPU_FAN. Kama zina taa, plagi ya taa ya pini 3 ni volti 5 na ya pini 4 ni volti 12. Taa za volti 5 zikipewa 12 zinaungua papo hapo.

chumvi_na_kompyuta
Chumvi ina madhara kweli. Huvuta unyevu na kuila aluminiamu ya rejeta pamoja na pini za feni, na chujio la vumbi haliizuii. Kompyuta isikae mkabala wa dirisha la baharini. Safisha kwa brashi laini kavu na blowa, feni ukizishika zisizunguke. Kitambaa cha maji huyeyusha chumvi na kuisambaza.

Pia usitishwe na vipimo vya mitandaoni. Maji hayapoi kuliko hewa ya chumba. Chumba cha nyuzi 32 wakati wa kaskazi kitakupa joto la prosesa nyuzi 10 hivi zaidi ya chumba cha nyuzi 22.

kusi_mld
Shukrani sana. Nikilazimika kuweka mbele, mipira iwe juu au chini?

mkanda_wa_juu
Chini, mradi ifike bila kukunjika. Isipofika, iweke juu, ila kichwa cha rejeta kizidi pampu kwa kimo.