Fundi paa nimebabuka shingo na losheni ya SPF 50 ninayo. Nakosea wapi?

FundiPaa:

Wakuu habari za kazi.

Mimi ni fundi wa kuezeka, huu mwaka wa kumi na moja niko juu ya mabati. Jua nalijua. Au tuseme nilidhani nalijua. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunamalizia paa la bati jipya, lile linalong'aa mpaka unakunja uso ukilitazama. Siku ya tatu nikashuka na shingo inawaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Usiku nikalala kifudifudi. Baada ya siku nne ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande, na mimi ni mweusi tii, si maji ya kunde. Tangu nizaliwe sijawahi kubanduka ngozi kwa sababu ya jua. Mdomo wa chini nao umekauka na kuchanika, ukifunga hapa unapasuka pale.

Kinachonishangaza ni kwamba losheni ya jua ninayo. Mke wangu alininunulia miezi minne iliyopita, chupa ya mililita 100, imeandikwa SPF 50, yaani kipimo cha kinga ya jua. Napaka kila asubuhi kabla ya kutoka, uso, shingo na mikono, na mpaka leo imebaki robo. Sasa SPF 50 gani hiyo inayoniacha nibabuke?

Halafu kuna vituko vyake. Ikifika saa nne jasho linaishusha machoni, inawasha mpaka natoa machozi, na huwezi kuwa kipofu juu ya kenchi na nyundo mkononi. Uso unabaki na weupe wa majivu. Vijana wangu wa kazi wananiita bibi harusi.

Naomba mwenye uzoefu wa kazi za juani anieleze: hii kitu inasaidia mtu mweusi au nimrudishie mama watoto apake yeye?

Kibega:

Hahaha bibi harusi! Mkuu, melanini, huo weusi wa ngozi, umepewa bure na Mungu, losheni ya nini tena? Babu zetu walilima vifua wazi mpaka wakazeeka na hakuna aliyejua SPF ni mdudu gani.

MpimaArdhi:

Kibega, babu zako saa sita mchana walikuwa chini ya mti. FundiPaa saa sita yuko juu ya bati anamaliza kazi ya mtu. Usifananishe.

FundiPaa, nimebeba vyombo vya kupimia ardhi miaka 26, kwa hiyo nikuambie kwa uzoefu: losheni yako haina kosa, kosa ni hesabu. Umetumia mililita 75 kwa miezi minne. Kama siku za kazi ni mia hivi, basi kila asubuhi umepaka chini ya mililita moja, uso, shingo na mikono yote miwili. Maabara wanapoipima hiyo SPF wanapaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Ukiipeleka hiyo kwenye mwili wa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa uso, masikio na shingo, na kijiko kingine kwa kila mkono. Hiyo ni 15 kwa mpako mmoja. Baada ya saa mbili unarudia, na kwa jasho la bati unarudia mapema zaidi. Chupa yako ingetosha mara sita na kitu, isingemaliza siku ya pili. Wewe umekwenda nayo miezi minne! Hujapaka SPF 50, umepaka harufu yake.

Ndiyo maana mimi losheni naiweka mwisho. Cha kwanza ni shati la mikono mirefu, la kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Linyanyue ulielekeze kwenye mwanga, ukiona nuru inapenya kwenye vitundu ujue na miale inapenya. Fulana nyeupe ya pamba, hasa ikilowa jasho, ni kama hukuvaa kitu cha maana. Shati halitiririki machoni, halihitaji kurudiwa kila saa mbili, na vijana hawalicheki. Kwa kichwa, achana na kapelo, haifuniki masikio wala shingo. Tafuta pama yenye ukingo wa kuzunguka pande zote. Kama saiti inadai helmeti, ning'iniza kitambaa kwa nyuma kifunike shingo mpaka kwenye ukosi wa shati. Ukishafika hapo, kilichobaki wazi ni uso, masikio na migongo ya viganja. Huko ndiko losheni inakopakwa nene na chupa inadumu kwa haki.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi tunalikosea: joto na miale inayounguza ngozi ni vitu viwili. Hiyo inayounguza ni urujuanimno, au UV, na haisikiki mwilini. Siku yenye upepo na mawingu mepesi mtu anavua shati kwa sababu hasikii joto, na mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Mimi naangalia kivuli changu. Kikiwa kifupi kuliko mimi, nimefunikwa. Kwenye simu pia, ukifungua hali ya hewa, kuna namba ya UV. Kuanzia 3 unajikinga, 8 ni kali sana, 11 na kuendelea ni ya kupindukia, na karibu na ikweta hiyo 11 si ajabu hata kidogo ikifika adhuhuri. Sisi tunaanza vipimo alfajiri, tunapumzika mchana wa katikati, tunarudi jioni. Najua wewe una bosi, lakini hata upande wa paa unaoanza nao unaweza kuupanga ufuate kivuli.

Na bati jipya linakupiga mara mbili. Kofia inazuia ya juu, bati linakurudishia nyingine kutoka chini, kidevuni na mdomoni. Usishangae mdomo wako wa chini.

Vaa miwani. Mimi sikuvaa, na jicho langu la kulia limeshafanyiwa upasuaji kuondoa kinyama kilichokuwa kinatambaa kutoka upande wa pua kuelekea kwenye mboni.

DadaWaZamu:

Mimi ni muuguzi. Mpima kaeleza vizuri, ila kwanza nina swali kwa kaka FundiPaa: wakati shingo inababuka ulikuwa unatumia dawa yoyote ya hospitali? Mtu aliyekaa juani miaka 11 bila kubanduka, akibanduka ghafla, mimi natafuta kilichobadilika.

Na wewe Kibega, melanini ni kinga kweli, sikatai. Ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa na kinga ya asili kama ya SPF 13 hivi. Ni nzuri, lakini si paa zima. Saratani za ngozi zitokanazo na jua ni chache mno kwetu weusi ukilinganisha na weupe, na sitamtisha mtu kwa hilo. Kuna watu wanapenda kumtaja Bob Marley, aliyefariki 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Ile aina ya viganja, nyayo na chini ya kucha haihusishwi na jua, kwa hiyo isiwe hoja ya kuuza losheni. Iwe hoja ya kukagua nyayo zako.

Wanaochukuliwa kweli na jua ni ndugu zetu wenye ualbino. Kwao losheni, pama na mikono mirefu ni uhai, na kumweka kijana mwenye ualbino kazi ya juani siku nzima ni kumwonea. Kwa jumla ya wafanyakazi duniani, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa makadirio yao: karibu watu 19,000 walikufa mwaka 2019 kwa saratani za ngozi zisizo melanoma kwa sababu ya kufanya kazi juani. Wengi wao ni wanaume.

Sisi weusi jua linatukuta zaidi kwenye macho, kwenye midomo, na kwenye yale mabaka meusi ya mashavuni. Mabaka hayo yanachochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao namba ya SPF haiuhesabu kabisa. Hapo zinafaa losheni zenye rangi, zilizotiwa oksidi ya chuma. Na kaka, ukichagua inayokaribia rangi yako, ule weupe wa majivu nao unakwisha. Unatokana na zinki au titani iliyomo.

Kwa machoni: usipake kope za juu, paka dakika 20 kabla ya kuanza kutoka jasho, na funga kitambaa kwenye paji la uso kinywe jasho.

Huo mdomo usiupuuze. Tumia mafuta ya midomo yenye SPF, lakini kidonda chochote cha mdomoni kisichofunga wiki tatu kinapelekwa kuonwa, hakipakwi paraffini kikaachwa.

FundiPaa:

Dada umenishtua. Nilichomwa na msumari mguuni, nikapewa antibiotiki inaitwa doksisaiklini, vidonge vya siku kumi. Shingo iliungua nikiwa katikati ya dozi. Ina uhusiano?

DadaWaZamu:

Uhusiano upo, tena mkubwa. Doksisaiklini inaifanya ngozi iungue na jua ambalo siku zote ilikuwa inalivumilia, hata ngozi nyeusi. Aliyekupa alipaswa kukuambia. Si dawa mbaya, na dozi haikatishwi katikati bila kumuuliza aliyekuandikia. Ila siku nyingine ukipewa dawa yoyote, sema kabisa: "Mimi kazi yangu ni juani." Neno hilo moja linaweza kubadilisha kidonge unachopewa.

SukaniMrefu:

Naongezea kidogo kwa madereva, maana tunajiona tuko ndani. Mkono wangu wa kulia, wa dirishani, umeupita wa kushoto weusi kabisa, ukiiweka pamoja utadhani ya watu wawili. Miale ya UV iko ya aina mbili: kioo cha pembeni kinazuia ile ya UVB inayobabua, lakini ya UVA inapita. Mwaka 2012 jarida la The New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Nusu ya uso upande wa dirisha imekunjamana kama ya mzee wa mbali, nusu nyingine ya mtu wa umri wake. Nilipoiona ile picha nikanunua soksi za mikono siku hiyohiyo.

Na losheni msiiache kwenye dashibodi. Joto linaiharibu, mnabaki mnapaka maji.

Kibega:

Mimi nilikuwa natania tu jamani. Hiyo ya dawa sikuijua.

FundiPaa:

Nimerudi wakuu. Jana nimepima kwa kijiko kweli, mke wangu amesimama pembeni anacheka. Kijiko kimoja cha chai usoni na shingoni ni kingi! Mara ya kwanza nikadhani nimekosea, inabidi uipake kwa awamu mbili ndiyo iingie. Mikono nimeiacha, nimevaa shati la kitambaa kizito. Shuka kuukuu nimelikata, nimelikunja nimelibana ndani ya helmeti, linashuka mpaka mabegani. Saa nne jasho halikufika machoni. Saa sita nilirudia kupaka na vijana wakapata ya kusema, sasa naitwa sheikh.

Mdomo una wiki ya tatu. Nitaenda Jumatatu.

Mzee Mpima, nina swali la mwisho. Hicho kinyama chako cha jicho kilianzaje? Nina kidoa cha manjano kwenye weupe wa jicho la kushoto, upande wa puani. Hakiumi, ila jioni kinawasha kama kuna mchanga.

MpimaArdhi:

Changu kilianza hivyohivyo, na mimi nikasema ni vumbi la porini. Si kila kidoa kinageuka kuwa kinyama, vingi vinabaki palepale. Lakini Jumatatu ukishaonyesha mdomo, usiondoke kabla hawajakutazama na jicho. Na miwani ianze kesho, usisubiri Jumatatu.