Familia ya Nkambo: nani atamfundisha Exaucé hesabu?

*Ijumaa*

Mama Exaucé, 18:42
Salamu familia. Nimetoka kuchukua buleteni ya Exaucé, ile karatasi ya alama za shule. Hesabu ni nyekundu tena. Kipindi cha kwanza nyekundu, cha pili nyekundu, sasa na mtihani wa semesta. Kifaransa anaongoza, fizikia anapita pembeni pembeni. Natafuta mwalimu wa kuja nyumbani. Nani anajua mtu wa kweli? Si yule wa kuja kunywa chai na kuangalia saa.

Béa, 18:45
Pole yaya, mkubwa wangu. Iko kituo kimoja kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, batoto ya jirani yangu wanaendaka pale. Dola 15 kwa mwezi, mara tatu kwa juma. Wameandika ukutani kwa rangi nyekundu: EXETAT 100%, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

Patient, 18:46
100% ya nini tanti? Ya kulipa?

Onko Donat, 18:50
Mtoto eko sinkiemu, mwaka wa tano, sasa?

Patient, 18:51
Onko, sinkiemu ilikufa. Siku hizi ni ya saba na ya nane, kisha humanite, ile sekondari ya juu, ya kwanza mpaka ya ine. Exaucé eko ya tatu, syantifiki.

Onko Donat, 18:53
Ya tatu, sinkiemu, mtoto ni yuleyule na sufuri ni ileile.

Onko Donat, 18:55
Mi naona mumuchukue mwalimu wa darasa lake. Mtihani anatengeneza yeye. Unaenda kuuliza njia kwa mgeni, na mwenye mji amekaa mlangoni?

Mama Exaucé, 18:59
Alinivuta pembeni tangu mwezi wa kumi na moja. Anasema, "Mama, mtoto aje kwangu Jumamosi, tutaangalia." Ile "tutaangalia" njo ilinitisha. Nusu ya darasa wanaenda, na nasikia hao wote wamepita.

Béa, 19:00
Sasa si uzuri?

Yaya Clarisse, 19:21
Mtandao wa hapa Kalemie unakuja na kwenda, mnisamehe. Nimesoma yote.

Mimi pia ni mwalimu wa hesabu, mshahara wetu naujua, kwa hiyo simhukumu mwenzangu. Lakini mwalimu akipokea pesa mkononi mwa mwanafunzi anayemsahihisha yeye mwenyewe, hakuna atakayejua tena alama ile imetoka wapi. Hata mwalimu mwenyewe hajui. Huku kwetu nimeona mtoto aliyepata 78 kwa mwalimu wake miaka miwili. Siku ya Exetat maswali yalitoka Kinshasa, mwalimu hakuwemo chumbani, na mtoto akatoka amelia. Exaucé amebakiza mwaka mmoja na nusu. Siku zile nne hakuna atakayemwambia "tutaangalia".

Na kabla ya kutafuta mwalimu, naomba jambo moja. Buleteni sitaki. Nipigieni picha makaratasi ya mitihani yenyewe, yale yenye wino mwekundu.

Onko Donat, 19:24
Clarisse na Kiswahili chake bora. Mtu akae Kalemie miaka minane, anarudi anaongea kama redio.

Yaya Clarisse, 19:25
Yaya Donat, jibu hoja, acha redio 😄

Mama Exaucé, 19:40
[picha 4]
Haya. Nimepiga picha kwa tochi, SNEL wamekata umeme.

Patient, 19:47
Hapa Kasapa, chuoni, pia giza. Mama Exaucé, mimi ningekuja kumfundisha bure, Mungu anajua, lakini tuko kwenye mitihani, na Kasapa mpaka Katuba ni taksi mbili. Iko rafiki yangu tunasoma naye politekniki, uhandisi, hapa chuo kikuu cha UNILU. Kichwa chake ni moto. Anafundishaka batoto kule mtaa wa Bel-Air. Dola 2 kwa saa.

Na video ziko. Yule mwalimu wa Ufaransa, Yvan Monka, anaeleza derive, ile hesabu ya kasi ya mabadiliko, vizuri sana, na ni bure. Nitazipakua hapa fakiltee, nimuwekee kwenye kadi ya simu, asitumie mega za intaneti.

Mama Exaucé, 19:49
Simu nikimpa, Monka ataangalia dakika tano na TikTok masaa mawili. Najua niliyemzaa.

Yaya Clarisse, 20:30
Nimeangalia makaratasi. Swali la tatu lilikuwa limiti, yaani thamani inayokaribiwa, ya (x² − 9)/(x − 3), x ikienda kwenye 3. Exaucé ameweka 3 juu, ameweka 3 chini, amepata 0/0, akaandika jibu ni 0. Mwalimu amechora msalaba, basi. Kila mtu akiona hapa atasema mtoto hajui limiti. Mimi sina hakika. Patient, mwingize mtoto kwenye kikundi.

*Patient amemwongeza Exaucé*

Exaucé, 20:34
Shikamoo wote

Onko Donat, 20:34
Shikamoo! Na wewe umeanza Kiswahili cha redio?

Yaya Clarisse, 20:36
Marahaba mwanangu. Hakuna anayekugombeza. Kesho asubuhi ukishaoga, fanya haya matano kwenye karatasi, bila kikokotoo, bila Patient. Usifute kitu, hata ukikosea.

2/3 + 1/4
Fungua (x + 3)²
5 − 2x = 11, x ni ngapi?
Vunja x² − 9
Kipeuo cha pili cha (9 + 16), ile rasini

Exaucé, 20:37
Mama mukubwa hii ni ya batoto ya ya nane

Yaya Clarisse, 20:37
Basi itakuchukua dakika tano.

*Jumamosi*

Exaucé, 08:15
[picha]

Patient, 08:22
🙈

Yaya Clarisse, 08:50
Patient, toa hicho kinyani.

Nawaandikia kwa ukamilifu, kwa sababu hapa ndipo pesa ya Mama Exaucé ingepotea.

2/3 + 1/4 amepata 3/7. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. (x + 3)² amepata x² + 9. Kipeuo cha 9 + 16 amepata 7, yaani amechukua 3 na 4 akajumlisha. 5 − 2x = 11 amepata 3, na jibu ni −3, alama ya kutoa imeanguka njiani. Lile la kuvunja x² − 9 amepata sawasawa: (x − 3)(x + 3).

Sasa angalieni. La pili na la tano ni ugonjwa mmoja. Anaamini kipeo na rasini zinaingia kwenye mabano na kumgusa kila mmoja peke yake, kama chumvi kwenye mboga ya sombe. Exaucé, weka namba tu uone: (2 + 3)² ni 5², ni 25. Ukimpa kila mmoja kipeo chake, kwa njia yako, ni 4 + 9, ni 13. Kumi na mbili zimekwenda wapi?

Na lile alilopata ndilo linalonihuzunisha zaidi. Kuvunja x² − 9 anaweza! Kwenye mtihani alihitaji kitu hichohicho: vunja juu, ukate x − 3 na ya chini, inabaki x + 3, jibu ni 6. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Hakujua kwamba ni wa mlango ule.

Kwa hiyo shimo si limiti. Shimo liko ya saba na ya nane, na tangu hapo anajenga juu ya shimo.

Mama Exaucé, 09:02
Miaka yote ile nalipa. Msingi walifanya bure tangu 2019, huku juu tunalipa kila senti, na mtoto anatembea na shimo hakuna aliyeniambia.

Yaya Clarisse, 09:05
Darasa lina watu 60, dada. Mwalimu anaona alama, haoni shimo.

Exaucé, 09:06
Fraksyo najua tu nasahau

Onko Donat, 09:20
Wewe Exaucé. Unakumbuka zile kle zangu, spana za kukaza bulo, za tangu Gécamines, kule migodini? Zile za puse, za inchi?

Exaucé, 09:21
Ndiyo onko

Onko Donat, 09:26
Bon. Chukua chuma cha 1/4 ya puse. Unga juu yake kingine cha 1/8. Kwa njia yako inakuwa ngapi?

Exaucé, 09:28
2/12

Onko Donat, 09:28
Punguza.

Exaucé, 09:29
1/6

Onko Donat, 09:31
1/4 na 1/6, kubwa ni ipi? Usijibu haraka. Fikiri mkate, bantu ine ao bantu sita.

Exaucé, 09:33
1/4

Onko Donat, 09:34
Sasa mimi nimeongeza chuma, na kimepungua? Ni chuma gani icho, cha mchawi?

Exaucé, 09:36
😂😂

Exaucé, 09:41
Ni 3/8. 1/4 ni 2/8, naongeza 1

Onko Donat, 09:42
Na kle ya 3/8 iko ndani ya kasha, umeishika mara mia. Ile ile.

Yaya Clarisse, 09:44
Yaya Donat, miaka 20 nafundisha fraksyo, sijawahi kuwaza kle. Naiba hii Jumatatu.

Béa, 09:50
Sasa yaya Clarisse, kituo cha Kenya tunakiacha?

Yaya Clarisse, 10:03
Wako wangapi chumbani?

Béa, 10:10
Nimeuliza jirani. Anasema kama 40, wengine wanasimama dirishani.

Yaya Clarisse, 10:15
Watu 40 ni darasa lingine tu, la kulipia. Pale wanafundisha mbinu: swali ni la kuchagua, chukua kila jibu ulirudishe kwenye mlinganyo uone lipi linakubali. Ni mbinu nzuri, mimi pia naifundisha, mwezi wa mwisho kabla ya Exetat. Ni chumvi. Huyu mtoto hajala bukari, ugali wenyewe, bado.

Dada, walete wawili tofauti, kila mmoja saa moja ya majaribio, uwalipe saa hiyo. Wewe kaa karibu, chambua maharage, usiseme kitu. Angalia tu kalamu iko mkononi mwa nani.

*Alhamisi*

Mama Exaucé, 20:11
Ripoti ya maharage.

Jumanne alikuja yule wa politekniki. Kijana wa heshima, Patient hukudanganya, kichwa ni moto. Aliandika kurasa tano! Derive, limiti, vyote, mkono unaenda kama cherehani. Exaucé alikuwa anasema "ndiyo, ndiyo". Alipoondoka nikamwambia Exaucé anifanyie moja peke yake. Akaniangalia. Kalamu saa nzima ilikuwa mkononi mwa mwalimu.

Leo amekuja mama mmoja, alisoma ISP, chuo cha walimu, hapa Lubumbashi, anafundisha shule moja Kamalondo. Nimempata kwa mtu wa korali. Hakutoa kitabu. Aliomba daftari la mwaka jana, akasoma kama dakika kumi kimya, nikaanza kuhesabu pesa yangu. Kisha akampa mtoto hesabu moja ndogo, akasema, "Fanya, huku unaniambia unachofikiri." Exaucé akakosea. Hakumsahihisha, jamani! Akamuuliza, "Hapa umetoka wapi kufika hapa?" Mtoto akakwama, akaona kosa mwenyewe. Saa nzima wamefanya hesabu ine tu.

Béa, 20:13
Ine kwa saa nzima? Na anaomba ngapi?

Mama Exaucé, 20:15
Dola 4. Mara mbili ya yule kijana. Na ameweka sharti: majuma ine ya kwanza hagusi limiti, ni fraksyo, mabano na alama tu. Nikamwambia, mama, juma lijalo wana enterro, jaribio la darasani, ya derive. Akasema, "Hiyo ataanguka." Hivyohivyo, bila kupepesa.

Onko Donat, 20:16
Mwalimu anayekulipisha na kukuahidi sufuri! Huyo mimi namupenda.

Yaya Clarisse, 20:24
Mchukue huyo. Kama dola 4 ni nzito, mara moja kwa juma naye, na mara moja bila mwalimu, mezani, afanye alizoachiwa. Kipindi kimoja zaidi cha nyekundu hakitamuua. Nitaangalia picha za karatasi kila Jumapili, mtandao ukiniruhusu.

Na yule kijana msimtupe. Mwaka kesho mashimo yakishazibwa, mkono wa cherehani ndio utakaofaa, kwa kukimbia.

Patient, 20:26
Nitamwambia kwa upole. Lakini video naleta hata hivyo.

Mama Exaucé, 20:27
Leta, ukae naye ukiangalia.

Béa, 20:40
Nkambo, mzee wetu, ametuma sauti kwangu, hajui kutuma kwenye kikundi. Anasema huyo mwalimu apewe chakula, mtu hafundishi na njaa. Na anauliza nani amebeba meza yake ndogo.

Mama Exaucé, 20:41
Meza iko kwangu, njo ya hesabu sasa. Mwalimu atakuja Jumamosi saa tisa.

Onko Donat, 20:43
Jumamosi hii saa tisa Mazembe inacheza.

Mama Exaucé, 20:43
Mwalimu hachezi Mazembe, yaya Donat.

Onko Donat, 20:44
Nasema tu. Jumatano basi mimi nitapita na kasha la kle, tufanye mapuse na Exaucé. Bure, na bukari.

Exaucé, 21:02
Onko, kle ya 7/16 inakaa kati ya 3/8 na 1/2. Nimegeuza zote ziwe za 16. Ni 6, 7, 8

Yaya Clarisse, 21:03
👏👏

Onko Donat, 21:05
Vizuri. Ndani ya kasha langu pale kati iko nafasi tupu. Ile ya 7/16 uliibeba siku ya kutengeneza baiskeli. Jumatano niikute.