Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kumhudumia mtu mwenye ulemavu?

Mama Imani: Leo asubuhi kwa matatu ya Kayole kuna dada alikuwa analisha mtoto uji, mtoto amelala chali mapajani, shingo imening'inia nyuma, na ana mtindio wa ubongo kama Imani wangu. Mwili wote ulinisisimka. Nilimwomba polepole amwinue akakubali lakini nimefika kazini sijatulia. Mwaka jana niliandika msichana wa kumhudumia, mwenye cheti cha uhudumu, kina muhuri na kila kitu. Siku ya tatu napigiwa simu Imani hapumui vizuri, kumbe alilishwa akiwa amelala, uji ukapita njia ya hewa. Siku 11 wodini. Nilipomuuliza alifundishwa nini kuhusu kulisha akaniambia, "Auntie, tulifanya na mdoli, na mdoli hakohoi." Wenye mmepitia hii, nyinyi mlifundishwa na nani?

Njoki_Umoja: Aki pole. Mimi ni mamangu na makosa yangu mwenyewe.

Kegiva wa Donholm: Pole sana mama Imani, lakini lawama yote msitubebeshe sisi wahudumu. Nililipa elfu 25 kwa kozi ya miezi 3, karibu yote ilikuwa wazee, kupima presha, kutandika kitanda mtu akiwa ndani. Ulemavu ulipewa siku mbili. Halafu familia inakupa elfu 12, upike, ufue, na ubebe mtu wa kilo 80 peke yako mpaka ghorofa ya nne, sai nikiinuka lazima nishike ukuta.

Otis: Na wengine wenu hata breki za kiti cha magurudumu hamfungi kabla mumhamishe mtu. Cheti ni karatasi. Mimi huandika wamama wenye wamelea.

Kegiva wa Donholm: Otis, hao wamama wanajua vidonda vya kulalia huanzia wapi? Visigino, nyonga, mfupa wa mkia. Mtu asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila saa 2, hata usiku. Hiyo niliipata darasani, kwa hiyo karatasi unaidharau.

Baba Tasha: Wacha niandike yangu hata kama ni ndefu. Ndugu yangu mdogo aliangushwa na boda Outering 2019, uti wa mgongo ukavunjika huku juu karibu na mabega. Tumekaa naye nyumbani miaka mitatu, jioni moja kijana anayemhudumia (kijana mzuri, simlaumu) ananiita mbio, bro anatoka jasho kichwani peke yake, kichwa kinampasuka, na huku miguuni ni baridi vinyweleo vimesimama. Tukadhani malaria. Kijana akamlaza vizuri, akamfunika blanketi, akampa Panadol. Hapo ndo ikawa mbaya, akaanza kusema haoni. Nashuka kutafuta gari na jam ya Jogoo Road jioni mnaijua. Jirani wa chini, mama alistaafu unesi, akapanda na leso yake, hakuuliza kitu, akasema mkalisheni, miguu ishuke, akafunua blanketi akafuata mrija wa mkojo kwa kidole mpaka chini ya paja. Ulikuwa umejikunja, ameulalia. Kuunyoosha tu, mkojo ukaingia kwa mfuko kama mfereji umefunguliwa. Presha alipopima ilikuwa 210, baada ya kama dakika kumi ikaanza kushuka. Hospitali ndo wakatueleza, mtu akiumia mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kupanda juu, kibofu kikijaa kinaweza kupandisha presha ghafla mpaka mshipa upasuke kwa ubongo. Tulipotoka wodini mara ya kwanza tulipewa karatasi ya dawa basi. Hakuna mtu alituambia hii, si sisi, si yule kijana.

Njoki_Umoja: Naenda kuangalia mrija wa baba sasa hivi.

Shosh wa Ruaka: Mjukuu wangu ana kifafa. Kila msichana akija namwambia, ukiona ameanguka weka kijiko katikati ya meno haraka.

Kegiva wa Donholm: Shosh, kwa heshima, hapana. Kijiko kinavunja meno na kinaweza kumkaba. Weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, angalia saa. Ikipita dakika 5, hospitali.

Shosh wa Ruaka: Kijiko kimetusaidia miaka yote.

Mary wa Melbourne: Nafanya hii kazi huku Australia. Hata huku sheria hailazimishi kila mhudumu awe na cheti, ila waajiri wengi wanataka Certificate III, cheti cha kozi ya uhudumu, na ndani yake kuna masaa 120 ya kufanya kazi na watu wenyewe. Lakini mrija sikuruhusiwa kushika mpaka nesi akanifundisha kwa yule yule mtu nitamhudumia, akaniona nikifanya, ndo akaandika jina langu.

Otis: Sasa hapo nimekubali. Sisi tunaitisha good conduct ya DCI, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha mtu hana rekodi ya uhalifu, shilingi 1,050, halafu basi. Nesi ana baraza linamsajili, huyu wa nyumbani hana.

Mama Imani: KISE, chuo cha elimu maalum pale Kasarani, iko tangu 1986 na imefundisha walimu wengi wa watoto wetu, lakini mwalimu akienda nyumbani sisi ndo tunabaki na kijiko na uji. Baba Tasha, huyo mama wa leso bado yuko? Tuko wazazi wanne Kayole na Komarock, tutachanga atufundishe pamoja na wasichana wetu.

Baba Tasha: Yuko, nimetoka kwake sai. Anasema Jumamosi saa nne, na kila mtu aje na yule anamhudumia.

Shosh wa Ruaka: Na mimi nije na mjukuu? Nataka nione hiyo ya kulaza ubavu.