Nimemchoma ivamektini ng'ombe anayekamuliwa: maziwa yatafaa lini?

Muuliza swali

Wataalamu na wafugaji wenzangu, naomba msaada wenu. Siku tatu zilizopita nilimchoma ng'ombe wangu sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, chini ya ngozi, mililita 8 kwa uzito niliokadiria kuwa kilo 400, kwa sababu alikuwa amekonda, manyoya yamesimama na ana upele kwenye shina la mkia. Ana miezi minne tangu azae, na ninamkamua asubuhi na jioni. Leo ndipo nilipoikunjua karatasi iliyomo ndani ya kisanduku, nikasoma kwa maandishi madogo sana kwamba dawa hiyo isitumike kwa ng'ombe ambaye maziwa yake hunywewa na watu. Siku za kusubiri baada ya dawa kabla ya kutumia mazao ya mnyama zimeandikwa za nyama tu. Je, nikiyachemsha sana, au nikiengua krimu na kutengeneza samli, yatafaa?

Daktari wa mifugo

Ndugu, umefanya vyema kuuliza mapema. Kutoandikwa kwa siku za maziwa hakumaanishi kwamba unaweza kukamua na kuuza siku hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba dawa hiyo haikuidhinishwa kabisa kwa mnyama anayekamuliwa. Ivamektini hupenda mafuta: ikishaingia mwilini hujificha katika shahamu, kisha huachiliwa kidogo kidogo na kutoka pamoja na mafuta ya maziwa kwa muda wa wiki kadhaa. Moto wa jikoni hauiharibu. Samli ndiyo ningekuomba uiache kuliko yote, kwa sababu ukiengua krimu unaikusanya dawa iliyokuwa imetawanyika katika ndoo nzima na kuiweka katika kopo moja.

Kiwango cha juu cha ivamektini kinachokubaliwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, katika maziwa ya ng'ombe ni mikrogramu 10 kwa kilo, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Huwezi kukisia kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha kwamba umeshuka chini ya hapo. Maziwa ya ng'ombe huyo yasiende kwa watu. Mwombe daktari anayekuhudumia akupangie muda, na ikiwezekana sampuli ipimwe kabla hujaanza tena kuuza. Ukimpa ndama maziwa hayo, mhesabu naye kuwa amepata dawa, asichinjwe upesi.

Mpimaji wa maziwa

Naomba kuongeza jambo moja ambalo huwapotosha wengi. Vipimo vya haraka vinavyotumika kwenye vituo vya kupokelea maziwa kwa kawaida hutafuta viuavijasumu, na baadhi yake hufanya kazi kwa kuangalia kama maziwa yanazuia bakteria kukua. Ivamektini na dawa nyingine za minyoo hazigusi bakteria hao, kwa hiyo maziwa yenye mabaki ya dawa hupita kana kwamba ni safi. Kuyaona mabaki hayo kunahitaji mashine za kromatografia, yaani za kutenganisha kemikali, za maabara kubwa.

Muuliza swali

Nashukuru sana, daktari. Nimekwisha kumtenga, na anakamuliwa mwisho katika chombo chake. Sasa kwa wale wengine wanne, ambao nao wanahitaji dawa, nitumie nini?

Daktari wa mifugo

Kwanza pima kinyesi, kwa sababu huenda si wote wanaohitaji. Eprinomektini ya kumwagia mgongoni ni ya jamii moja na ivamektini, lakini ni sehemu ndogo tu yake inayovuka kuingia katika maziwa, na ndiyo maana katika nchi nyingi imeidhinishwa kwa ng'ombe wanaokamuliwa bila siku za kusubiri. Albendazoli hutoka mwilini kwa haraka zaidi, ila muda wake wa maziwa hutofautiana kati ya dawa na dawa, na kuna nchi ambako haikuidhinishwa kabisa kwa ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo fuata karatasi ya chupa uliyoishika mkononi, usifuate ya jirani. Usichukue pia siku za ng'ombe ukazitumia kwa mbuzi.

Na usimwagie ivamektini mgongoni ukidhani umekwepa tatizo la sindano. Ng'ombe hulambana, na aliyelamba mgongo wa mwenzake huimeza dawa, hata kama yeye hakutibiwa, kisha huitoa katika maziwa yake.

Mfugaji mwenzako

Kaka, mimi humfunga aliyetibiwa utepe mwekundu mguu wa nyuma, pale pale anapochuchumaa mkamuaji, kwa sababu daftari liko ndani ya nyumba na anayekamua alfajiri si lazima awe yule aliyechoma sindano.

Sindano yenyewe nimeihamishia kipindi cha ukaushaji, yaani ng'ombe anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa. Dawa ninayotumia karatasi yake inataka ichomwe angalau siku 28 kabla ya kuzaa, na nyingine nilizowahi kuziona hutaka zaidi. Nikimkausha siku 60 kabla ya kuzaa, nafasi yangu ni mwezi mmoja hivi, na humchoma katika wiki ya kwanza, kwa kuwa kuna ng'ombe wanaozaa kabla ya tarehe tuliyowahesabia.