Panki ya Uingereza 1976–78: kusaini na kampuni kubwa au kutoa santuri mwenyewe?

santuri_45: Wakuu, nazungumzia panki ya muziki, ile roki kali ya kasi, si ile ya kinyozi. Bendi ya London au Manchester ilikuwa na njia hizo mbili. Ipi iliijenga panki, ipi iliizika?

BesiNzito: Kampuni zilikuwa na pesa, uvumilivu hazikuwa nao. EMI, kampuni kubwa ya santuri, waliwapa Sex Pistols, bendi ya panki ya London, pauni 40,000 Oktoba 1976. Desemba 1 bendi ikatukana kwenye televisheni, matangazo ya moja kwa moja, na maonyesho mengi ya ziara yao yakafutwa. Januari EMI wakajitoa. Kampuni ya A&M nayo ikawasaini Machi 1977, wakadumu nayo siku 6 tu; nakala kama 25,000 zilizokwisha kuchapwa zikaharibiwa. Virgin waliwachukua Mei, na Januari 1978 bendi ikavunjika. Jina kubwa, pa kupigia hakuna.

upande_b: Sasa waangalie Buzzcocks wa Manchester, waliotoa santuri wenyewe. Walikopa kama pauni 500, wakarekodi nyimbo 4 Manchester Desemba 28, 1976: saa 3 za kurekodi, 2 za kumiksi. Walipiga wote kwa pamoja, vionjo vya kuongezea baadaye vichache mno. Jalada lenyewe linakutajia kila wimbo ulipatikana jaribio la ngapi! Walianza na nakala 1,000. Mauzo yakafika 16,000.

fundi_sindano: Hapo kuna mtego. Santuri ya inchi 7 kwa mizunguko 45, ukiweka nyimbo mbili kila upande unakaribia dakika 5. Mifereji inabanana, kwa hiyo fundi wa kukata (anayechonga mifereji kwenye santuri mama) anashusha sauti na kupunguza besi, la sivyo sindano inaruka. Panki iliponea hapo kwa sababu gitaa lake ni kali na besi si mzigo.

BesiNzito: Hata hivyo Agosti 1977 hao Buzzcocks wakasaini na kampuni kubwa, United Artists.

upande_b: Usambazaji, mkuu. Kuchapa nakala elfu si kazi. Kazi ni kuzifikisha madukani. Wengi waliuza kwa posta na kwenye duka moja moja, mpaka Rough Trade, lililoanza kama duka 1976, likageuka msambazaji. Bendi ya Scritti Politti walipotoa santuri yao wenyewe 1978, waliorodhesha gharama kwenye jalada: studio saa 14 pauni 98, kukata pauni 40. Aliyefuata hakuhitaji kumuuliza mtu bei.

santuri_45: Kwa hiyo 1978 kilichokufa ni ile panki ya magazetini.

BesiNzito: Na ya kumbi. Usisahau Roxy, ukumbi wa panki pale Covent Garden, London, ulifungwa Aprili mwaka huohuo.