Mrejesho: Sukari ya mzee kurukaruka licha ya insulini

Wakuu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kwa nini sukari ya mzee, anayechoma Mixtard (insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya kati) asubuhi na jioni, inaruka kutoka 4 hadi 18 mmol/L ilhali dozi ni ileile.

Nesi wa kliniki ya kisukari alianza na tumbo, daftari la vipimo baadaye. Kando ya kitovu kulikuwa na uvimbe laini: mafuta yaliyojazana kwa kuchoma sehemu moja. Pale hapaumi, ndiyo maana wagonjwa hupapenda, lakini insulini hufyonzwa bila mpangilio. Sasa tumbo limegawanywa robo nne, robo moja kwa wiki, na kila tundu liko upana wa kidole kutoka la mwisho. Uvimbe hauguswi kwa miezi kadhaa.

Angalizo kubwa: ukihama kwenye uvimbe, dozi ya zamani inaweza kukushusha sukari vibaya. Daktari aliipunguza kwanza, na vipimo vikaongezwa. Sukari ikisoma chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, apimwe tena baada ya dakika 15, ndipo ale. Chapati peke yake inachelewa mno.

Jingine, Mixtard hutuama. Viringisha kichupa viganjani mara 20 hadi iwe nyeupe sawasawa, bila kuitikisa.

Ugali hajakatazwa, ni wa ukubwa wa ngumi yake, mboga nusu sahani. Usiku sasa analala bila hofu ya sukari kushuka, na safari za shamba amezirudia, glukosi mfukoni.